Ala za kukinga paipu za breki na klachi dhidi ya joto: kabla ya kulipa, tazama ncha zake

Mwezi Julai mwaka jana, nikiwa natoka Coventry kwenda Kenilworth katika gari dogo la wazi ambalo nililiunda mwenyewe gerejini kwa miezi kumi na sita, pedali ya klachi ilizama hadi chini na haikurudi. Gari hilo ni la mtindo wa Lotus Seven, gari jepesi la michezo la Kiingereza, ila injini na gia boksi yake vimetoka katika Mazda MX-5 kuukuu. Aliyewahi kuunda gari la namna hiyo hapa Uingereza atajua mara moja shaka yangu ilielekea wapi, kwa sababu paipu ya klachi, inayotoka kwenye pedali hadi silinda ndogo inayosukuma klachi kwenye gia boksi, hubanana na bomba la moto la ekzosi katika nafasi isiyozidi sana upana wa kiganja. Niliamini kwamba mafuta ya klachi yalikuwa yamechemka. Nilikosea.

Paipu ilikuwa imevaa ala ya rangi ya fedha, ya nyuzi za kioo zilizofunikwa kwa karatasi ya alumini, niliyoinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeisifu kupita kiasi. Matone yalikuwa yakidondoka karibu na silinda ndogo, kwa hiyo nilinunua silinda mpya, nikaifunga, nikatoa upepo kwenye mfumo, na siku mbili baadaye matone yakarudi pale pale. Ni pale nilipoivua ala, ambayo ilikuwa nzito mkononi kama kitambaa cha deki, ndipo nilipogundua kwamba nati ya kiungo cha juu, karibu na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali), ndiyo iliyokuwa imelegea. Mafuta yalinyonywa na nyuzi za ala, yakashuka ndani yake zaidi ya mita moja bila kuonekana, na kutokea upande wa pili yakisingizia kifaa kisicho na kosa. Njiani yalikuwa yamekwisha kubabua rangi ya chesisi. Mafuta ya breki ya kawaida, ambayo ndiyo yaliyomo kwenye klachi pia, hushika moto yakiangukia ekzosi iliyopata joto la kutosha, kwa hiyo nilikuwa nimeifungia paipu yangu utambi.

Kwa sababu hiyo sitapoteza nafasi kulinganisha viwango vya joto vinavyoandikwa kwenye pakiti. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya, na chini ya 155 yakiwa yamekwisha kufyonza unyevu, na tarakimu hizo ndizo zinazotawala, hata kama ala imeandikiwa nyuzi elfu moja. Swali ambalo wauzaji hawaulizwi ni hili: ncha za ala zinazibwaje? Nilikata kipande cha ile ala ya fedha, nikachovya ncha yake katika kikombe cha chai ya rangi, na baada ya dakika kumi chai ilikuwa imepanda vidole vinne. Ala hufanya vivyo hivyo kwa maji ya barabarani, ambayo majira ya baridi hapa huwa na chumvi, na paipu ya chuma iliyovishwa ala yenye unyevu huota kutu mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana paipu zangu sasa ni za mchanganyiko wa shaba na nikeli.

Nafasi ya kwanza naipa Fire Sleeve ya kampuni ya DEI ya Ohio, Marekani, na sifichi kwamba nimeegemea upande wake. Ni nyuzi za kioo zilizovikwa silikoni nene kwa nje, na huuzwa pia pamoja na utepe wa silikoni usio na gundi, unaojishika wenyewe ukiuvuta na kuuzungusha. Ala yenyewe ikikatwa hunywa kama nyingine, nimeijaribu kwa chai ile ile, lakini ncha ikizungushiwa utepe mara tatu, nusu juu ya ala na nusu juu ya paipu, inabaki kavu. Chagua yenye uwazi wa milimita 13 ikiwa paipu yako ya milimita 4.75 imekwisha kufungwa nati, kwa maana nyembamba zaidi huenda isipite; anayetengeneza paipu mwenyewe aivishe kabla ya kutanua ncha ya paipu.

Ya pili ni bati la alumini, ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni kitu cha kununuliwa. Bati la milimita moja lililosimamishwa kati ya ekzosi na paipu, likiachiwa nafasi ya hewa ya sentimita moja au zaidi pande zote mbili, huzuia joto la mnururisho, yaani linalorushwa na bomba, bila kunywa chochote wala kuficha uvujaji. Ningeliweka la kwanza kama si ugumu wa kulifunga mahali pafinyu. Ala za alumini zilizoshonwa, kama zinazouzwa na Thermo-Tec, naziweka ya tatu, mradi ununue utepe wa silikoni kando. Mipira ya Goodridge yenye wavu wa chuma ni mizuri, na kipande kimoja ni cha lazima kati ya chesisi na gia boksi kwa kuwa injini hutikisika, lakini asikudanganye mtu kwamba ni kinga ya joto: mpira utastahimili, mafuta yaliyomo ndani yatachemka, na wavu wake hukereza kila unachogusa. Bandeji za ekzosi, yaani vitambaa vya kuzungushia bomba, na utepe wa bei rahisi, ziache dukani.

Hakuna ala itakayookoa paipu iliyopitishwa vibaya. Mimi huipitisha juu ya reli ya chesisi, mbali na ekzosi kadiri inavyowezekana, nikiishika kwa klipu zenye mpira kila baada ya sentimita 25, na kiungo chochote chenye nati nakiacha nje ya ala ili nikione.

Linaloniudhi ni vipimo vya mauzo. Pakiti ndogo ya ala ninayoipenda ina futi 3, yaani sentimita 91, na paipu ya klachi kwenye gari langu inahitaji kufunikwa sentimita 110. Nilimwandikia muuzaji nikimwomba anikatie kwenye roli, akanijibu kwamba hakati, lakini gharama ya kusafirisha pakiti mbili aliitoza mara mbili ingawa zilifika katika bahasha moja. Kipande kilichosalia cha sentimita 72 kimelala kabatini hadi leo, pamoja na ile silinda ya zamani ya klachi ambayo haikuwa na hitilafu yoyote.