Kabla ya kulipia boti, gonga ubao wa injini

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, siku ya Jumapili, tulitoka Mikindani saa moja asubuhi: mimi, baba watoto, wanangu wawili na shangazi yangu aliyekuja kutoka Newala, mtu ambaye hajawahi kupanda chombo maishani mwake. Yalikuwa majira ya matanga mbili, upepo haujaamua uende wapi, bahari imelala. Tumefika katikati ya ghuba nikasikia mlio nyuma yangu, kama mtu anavunja muwa taratibu. Kugeuka, injini imeinama kuelekea majini, na ubao unaoibeba umeachana na ubavu wa boti. Ufa wa kupitisha kidole. Kwenye ufa panatoka maji ya rangi ya chai.

Baba watoto alizima injini, tukaikamata wote wawili tukaiingiza ndani kabla haijaondoka na ubao wake. Shangazi alikuwa anasoma dua. Mvuvi mmoja wa ngalawa alitutupia kamba, akatuvuta hadi ufukweni, na hela akakataa. Boti hiyo nilikuwa nayo wiki tano. Niliinunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam kwa shilingi 4,200,000 bila injini, na usafiri wa lori juu yangu, zaidi ya kilomita 500 hadi huku.

Msomaji mmoja wa Lindi, ambaye familia yake huvuka kwenda Kitunda kila wikiendi, ameniandikia kisa kilekile, ila yeye injini yake imelala chini ya bahari mpaka leo. Ndiyo maana nimekaa niandike mwongozo huu.

Sitaongelea urefu wa boti, viti wala kasi. Hayo utayaona kwa macho, na muuzaji atakueleza hata usipomuuliza. Naongelea kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunionyesha kwa hiari yake: ubao wa tezi, ule uliosimama wima nyuma, unaofungiwa injini.

Unavyooza huku rangi inang'aa

Kwenye boti nyingi za faiba, ubao wa nyuma si faiba tupu. Ndani kuna plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Uzito wote wa injini unaning'inia hapo, na nguvu yote ya kusukuma boti inapita hapo. Halafu ni hapohapo tunapopatoboa: matundu ya boliti, tundu la kizibo cha kutolea maji, skrubu za hiki na kile. Tundu lisilozibwa vizuri ni mlango. Plaiwudi ikishakunywa maji haikauki tena, maana imefungiwa.

Na wengi wanaogopa maji ya chumvi, kumbe ya mvua ndiyo mabaya zaidi kwa kuozesha mbao. Huku kwetu mvua zinaanza Desemba mpaka Aprili. Boti imepandishwa mchangani, omo (mbele yake) juu, tezi (nyuma) chini, kizibo kimeachwa kimefungwa. Maji yanajikusanya nyuma na kukaa wiki nzima yameegemea ubao. Ukiuziwa boti iliyotumika, uliza ililala wapi Mei 2024, Hidaya ilipoleta mvua ile iliyokata barabara ya kutoka Dar kuja Lindi. Mwenye boti aliyeitunza anakumbuka. Atakwambia aliifunika na nini na aliifunga wapi.

Muuzaji wangu aliniambia, "Mama, faiba haiozi." Kweli, faiba haiozi. Kinachooza ni kilichomo ndani yake. Fundi alipoukata ubao wangu alinipa kipande mkononi. Nilikibana kwa vidole viwili kikatoa maji, zikabaki nyuzi nyeusi kama majani ya chai yaliyochujwa, zinanuka uyoga. Na haikuwa plaiwudi ya baharini. Ilikuwa ile ya kupigia dari, ambayo gundi yake ikilowa inaachia tabaka moja baada ya jingine.

Namna ya kukagua

Beba bisibisi yenye mpini mzito wa plastiki. Kwa mpini huo gonga ubao wote, kuanzia juu inapokaa injini, ukishuka hadi kwenye tundu la kizibo, kisha pembe zote mbili. Ubao mzima unajibu kwa sauti kavu ya juu, ko-ko-ko. Uliooza unajibu bu, bu, kama unagonga godoro. Masikio ya mtoto yanatosha kuitambua tofauti hiyo.

Kama injini imefungwa, iinue kidogo kisha shika mguu wake chini karibu na propela, usukume na kuvuta, na mwenzako atazame pale ubao unapokutana na mbavu za boti. Injini ikicheza kwenye vibano vyake, hilo dogo, kaza. Ubao wenyewe ukicheza, nenda nyumbani.

Mwisho omba skrubu moja ya chini ifunguliwe. Ikitoka kavu, vizuri. Ikitoka na unyevu au kutu ya kahawia inayochuruzika, usiendelee kupatana bei. Kuna wauzaji wanaokataa katakata. Watatu wameniambia nitaharibu rangi. Mtu anayekataa ugonge ubao wake kwa mpini wa bisibisi, wakati injini itautikisa kila siku, anajua kilichomo.

Pima pia kimo cha ubao, kutoka ukingo wa juu inapokaa injini hadi chini ya boti. Injini za mguu mfupi zinataka sentimita 38 hivi, za mguu mrefu 51. Ukifunga mfupi kwenye ubao mrefu, propela itavuta hewa kila wimbi likipita, injini italia na boti haiendi. Ukifunga mrefu kwenye ubao mfupi, mguu unazama mno, boti inakuwa nzito na unarushiwa maji mgongoni. Lile bati bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya boti au chini yake kidogo tu. Wapo watu Mtwara wamechoma mafuta bure mwaka mzima kwa sababu ya sentimita hizo 13.

Ninavyozipanga

Ya kwanza ni faiba mpya ya kuagiza, ukiwa umesimama pale inapotengenezwa. Usiagize kwa simu. Mwambie fundi unataka plaiwudi ya baharini, tabaka mbili zilizogandishwa, na unataka kuuona ubao kabla haujafunikwa. Matundu ya boliti yatobolewe makubwa kuliko boliti, yajazwe gundi ya epoksi, ikikauka ndipo yatobolewe upya kwa saizi yake. Hapo maji hata yakipita kwenye boliti yanakutana na gundi, si mbao. Kazi hii inaongeza siku moja tu, na ndiyo wanayoiruka.

Ya pili, na kwa moyo wangu ni ya kwanza, ni boti ya mbao ya mafundi wetu. Ubao wake wa tezi ni mbao nzima, ya mvule au mninga. Ukianza kuoza unauona, unachoma kwa ncha ya kisu, fundi anautoa anaweka mwingine na boti inaendelea kuishi. Harufu ya mbao iliyopakwa mafuta asubuhi siwezi kuifananisha na kitu. Lakini inataka mtu. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, uipandishe, maji yakipwa uisugue chini, uichome kwa moto wa makuti kuwaua wadudu wanaotoboa mbao, ukague kalafati (pamba ya kuzibia nafasi kati ya mbao), upake upya. Ngama, yale maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, uifue kila siku, safari au hakuna safari. Mimi niko dukani Jumatatu hadi Jumamosi, kwa hiyo sikuiweza. Wewe uliyestaafu unayekaa karibu na maji, nunua hii na usitazame nyingine. Ila misumari iwe ya kuzuia kutu. Msumari wa kawaida unakula mbao kuizunguka mpaka tundu linakuwa kubwa kuliko msumari.

Ya tatu ni faiba iliyotumika, ikishafaulu kugongwa. Ikifeli na bado unaipenda, toa gharama ya ubao mpya kwenye bei. Kwangu ilikuwa shilingi 850,000 na wiki tatu za kusubiri.

Ngalawa ni nafuu na nzuri kwa anayejua tanga. Boti za mpira za kujaza upepo jua letu linaachanisha gundi yake. Sizipendekezi.

Injini: Yamaha

Hapa sina mizani ya kulinganisha. Nunua Yamaha Enduro, ile ya farasi 15, na kwa boti ya watu watano au sita kwenda Msangamkuu na kurudi inatosha. Sababu yangu ni moja. Ikikuharibikia Kilwa, Lindi au Msimbati, utapata mtu aliyekwisha kuifungua mara mia, na pengine ana kifaa chake kwenye kopo. Haina kompyuta ndani. Na hii ni ya mizunguko miwili (two-stroke), ni nyepesi, wakati ya mizunguko minne (four-stroke) ya nguvu hiyohiyo inafika kilo 50 na zaidi. Hizo kilo zilizozidi zinabebwa na nani? Na ubao uleule. Nakubali ya mizunguko minne haipigi kelele na inakula mafuta kidogo. Bado nachukua Enduro. Za bei rahisi nimetumia moja kwa msimu mmoja, vifaa vyake havikupatikana hata Dar.

Soma namba ya injini kwenye kibati kilichoko kwenye kibano, mkono wa kushoto, uilinganishe na risiti. Kibati kikiwa kimekwanguliwa au hakipo, injini hiyo ina mwenyewe anayeitafuta.

Na hapa niseme kinachoniuma. Hela ya boti ni yangu, ya duka langu. Lakini kila nilipokwenda kuulizia, muuzaji alimtazama baba watoto. Nauliza kuhusu ubao, anamjibu yeye kuhusu kasi. Baba watoto anasema, "Mwulize mama, yeye ndiye nahodha," jamaa anacheka. Dada zangu mnaotaka boti, msichoke kuuliza swali lilelile mara tatu.

Bei nazo. Minada ya korosho huanza mwezi wa kumi, na hela ikishaingia Tandahimba na Newala, wauzaji wa vyombo wanajua. Boti iliyokaa ufukweni tangu Mei haina mnunuzi inapakwa rangi na kupanda bei kwa wiki moja. Mimi nilinunua mwezi huohuo. Nunua Juni au Julai, kusi ikivuma, watu wengi wamepandisha vyombo na kila mwenye boti ya ziada angependa aiachie. Na ukikagua wakati wa kusi unaona pia boti inavyopokea wimbi.

Ukishaimiliki

Kila ukirudi, iendeshe injini kwenye pipa la maji matamu kwa dakika kumi, hata kama safari ilikuwa ya nusu saa. Tazama ikojoe, yaani itoe ule mchirizi wa maji ya kuipoza. Mkojo ukiwa mwembamba au wa kukatikakatika, zima, pampu imechoka au tundu limeziba chumvi. Impela, ile feni ya mpira ndani ya pampu, badilisha kila mwaka bila kusubiri ife. Fungua oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili. Petroli iliyochanganywa na oili isikae miezi kwenye tangi. Zinki, kile kipande kinacholiwa na chumvi badala ya injini, ikiliwa nusu, weka nyingine. Vifaa nunua kwa mtu anayekupa risiti, kwa sababu impela bandia nimeuziwa mara mbili na ya pili ilidumu safari nne.

Boti ikilala, toa kizibo na inua omo. Hilo ndilo dawa ya ubao, na halina gharama. Turubai lifunike tezi kwanza. Usajili na ukaguzi ni TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, na jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, za watoto zikiwa za kiasi chao.

Yote haya nayafanya kwa sababu ya asubuhi kama ile ya mwezi wa nane mwaka huu. Kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi hupita pwani yetu. Tulikuwa nje ya Msangamkuu, injini imezimwa, watoto wanakula mihogo ya kukaanga. Mmoja akatokea mbali kidogo, akapumua. Kwanza ukaona mvuke, kisha sauti ikafika, nzito, ndefu, kama mlango wa ghala unaburutwa. Shangazi alikuwepo. Alirudi baharini mwenyewe, alipoambiwa ubao ni mpya alikwenda akaugonga kwa ngumi kabla ya kupanda.

Yule muuzaji nilimpigia, akasema boti ilitoka kwake nzima. Nikamtumia picha za ubao uliokatwa. Alizisoma, hakujibu. Wiki iliyopita ametangaza nyingine, bluu kama yangu, kwa 4,600,000. Ameweka picha sita. Zote zimepigwa upande wa omo.