Simu ya RAM GB 2: yote inaweza, ila moja baada ya lingine

Nilichonunua ni simu ya Android toleo la Go, lile jepesi la simu zenye uwezo mdogo, RAM (memori ya muda inayoshikilia programu zilizo wazi) GB 2, memori ya ndani ya kuhifadhia vitu GB 32, laini mbili, kioo kipana na betri isiyonisumbua. Niliichukua Kariakoo kwa chini ya laki tatu. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu simu za daraja hili tabia zake ni zilezile, ziwe za nani. Juu ya boksi wameandika 4GB kwa wino mkubwa, pembeni yake kinyota. Ukikifuata kinyota hicho hadi chini unakuta maandishi ya sisimizi: GB 2 ndiyo RAM yenyewe, nyingine 2 zinaazimwa kwenye memori. Nitaigusa hiyo mbele.

Sifa zake zipo na nisizifiche. Ukiipa kazi moja, huna la kulalamika. WhatsApp inafunguka, video inacheza bila kukwama, mpigaji anasikika vizuri, na kuperuzi magazeti asubuhi kunakwenda mswano. Angekuwa mtu anayetaka simu ya kupiga, kupokea na kuangalia picha za wajukuu, ningemwambia anunue na abaki na chenji.

Balaa linaanza unapotaka vitu viwili kwa wakati mmoja. Na mimi, kwa bahati mbaya, ndiye mjaza fomu wa ukoo. Mpwa anaomba mkopo wa chuo, binamu anatafuta kazi, shangazi anafuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wote wananipigia mimi. Fomu za siku hizi hazijazwi umekaa mahali pamoja. Unaandika jina, unatumiwa namba ya uthibitisho kwa meseji, unatoka kwenda kuisoma, unarudi. Unatakiwa kupakia cheti cha kidato cha nne kwa PDF, na cheti kiko WhatsApp. Unaulizwa namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na mhusika ameituma kwa sauti, tena huku anatafuna.

Kwenye simu hii kila kutoka ni kamari. Unarudi kwenye kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kioo kinakuwa cheupe, kimstari kinatambaa juu, halafu ukurasa unaanza upya kama vile hamjawahi kuonana. Majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, shule ya msingi, mwaka wa kumaliza, vyote vimekwenda. Ile namba uliyoifuata haina kazi tena, maana ukurasa mpya unadai namba mpya. Fomu za kizamani, zilizoandikwa kirahisi, wakati mwingine hurudi na maandishi yake. Hizi za kisasa zinazojengwa hatua kwa hatua na JavaScript, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya ukurasa wenyewe, ndizo zinazokutoa jasho.

Sababu yenyewe si siri. Ile GB 2 haiko huru yote: mfumo wa Android unachukua fungu lake kabla hujagusa chochote, programu za kampuni zilizokuja na simu zinachukua lao, na kibodi nayo ni programu. Kinachobaki ndicho mnagawana wewe, WhatsApp na kivinjari. Konda wa daladala kwake gari halijai. Android inajua gari limejaa, na ina orodha ya nani ashuke. Kila programu inapewa alama kulingana na umuhimu wake wakati huo. Iliyo mbele ya macho yako inalindwa, inayopiga muziki inavumiliwa, na ile uliyoiacha nyuma ndiyo inayouawa kwanza. Kwa mfumo, fomu uliyoiacha nusu ni mzigo tu wa nyuma. Mfumo haujui kwamba dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku.

Kuchagua faili ni kutoka pia, japo hakuonekani hivyo. Ukibonyeza kitufe cha kupakia cheti, inayofunguka ni programu nyingine kabisa, na kivinjari kinahesabika kimeachwa. Kamera ndiyo mbaya kuliko zote. Ukurasa ukikuambia upige picha ya kitambulisho papo hapo, kamera inaamka na njaa yake ya RAM, unapiga picha safi, unabonyeza kukubali, na ukirudi hakuna fomu wala picha. Siku hizi napiga picha zote kabla, naziweka kwenye folda moja, ndipo nafungua ukurasa.

Malipo nayo yana kisa chake. Ukimaliza kujaza unapewa kontro namba, msururu wa tarakimu, ukalipe kwa menyu ya fedha kwenye simu. Menyu ile ikishatokea inakaa juu ya kila kitu, ukitaka kuchungulia namba kwenye ukurasa lazima uifute uanze tena. Unaweza kuikopi kabla na kuibandika humo, ila kwenye simu hii mara nyingine hata kuikopi unakuta ukurasa umeshajifungua upya. Kwa hiyo kwenye mfuko wa shati nina kalamu na kikaratasi. Simu janja, na kikaratasi.

Nilidhani nitaokolewa na kugawa kioo, juu fomu, chini meseji. Jambo hilo lipo kwenye Android tangu toleo la 7 la mwaka 2016. Kumbe kwenye simu zilizosajiliwa kuwa za RAM ndogo limezimwa tangu kiwandani, pamoja na ile video ndogo inayobaki pembeni ukienda kwingine. Vile viduara vinavyoelea juu ya programu nyingine navyo kwenye Go vilizuiwa kuanzia Android 10. Sioni ubaya wa uamuzi wenyewe, vitu hivyo vingefunguliwa simu ingeganda kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna muuzaji anayekuambia. Anakuonyesha kamera, anakuwashia wimbo, basi.

Sasa ile RAM ya kuazima. Niliiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena, na tofauti ninayoiona ni ndogo. Memori ya ndani ina kasi ndogo mno ukilinganisha na RAM, hasa kwenye simu za bei hii. Programu iliyohamishiwa huko huenda isife, ila ikirudishwa inakuja kwa kujivuta na simu inakuwa nzito kote. Kidogo inasaidia kwa WhatsApp. Kwa ukurasa wa wavuti wenye fomu ndefu sijaona faida ya kunifanya niandike 4GB kwenye boksi.

Kwenye vivinjari nimehangaika zaidi. Chrome inafungua kila tovuti niliyohitaji, ila vichupo, yaani kurasa ulizofungua kwa pamoja, vikizidi viwili vitatu inaanza kuvimwaga, na kila kichupo unachokirudia kinapakuliwa upya, yaani bando unalipia mara mbili kwa habari ileile. Opera Mini ni mwepesi, wengi wetu tulianza nao kwenye simu za batani. Kwenye hali yake ya kubana sana, ukurasa unapitia kwanza kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni yao, unafinywa, ndipo unaletwa. Kwa kusoma habari na matokeo ya mpira ni mzuri na MB zinadumu. Lakini kwa sababu kazi ya JavaScript inafanyika huko huko kwenye seva, fomu zenye hatua nyingi na kupakia faili zinaweza kugoma kwenye hali hiyo. Kwa hiyo ninavyo vyote viwili: Opera Mini wa kusomea, Chrome wa kazi rasmi, na Chrome hauruhusiwi kuwa na zaidi ya kichupo kimoja.

Usipakue zile programu za kusafisha RAM. Zinakaa nyuma zikila RAM ileile, zinaua programu ambazo mfumo utaziamsha tena muda si mrefu, na kila kuamshwa upya kunakula betri. Nimezifuta kwenye simu za ndugu zangu bila kuwaomba ruhusa, na hakuna aliyegundua.

Kilichonisaidia kweli ni kutotoka. Meseji ya namba ya uthibitisho ikiingia, usiifungue. Itazame inapotokea juu ya kioo, au vuta taarifa kwa kidole, soma namba, funga, andika. Ukivuta taarifa kivinjari kinabaki mbele, hakiguswi. Maelezo marefu naandika kwanza kwenye programu ya noti, kisha nabandika. Kabla ya fomu naizima simu na kuiwasha, na siigusi Facebook hadi nimalize. Kiungo kikiwa kimetoka ndani ya Facebook nakihamishia Chrome kwanza, maana kile kidirisha chake cha ndani ukirudi nyuma tu kimepotea. Fomu ikiwa ndefu kupita kiasi naenda steshenari, nalipa, najaza kwenye kompyuta yao kwa amani.

Toleo la Go lilipoanza na Android 8.1, mwishoni mwa 2017, lilikusudiwa simu za RAM ya GB 1 kushuka chini. Lilipofika Android 13, kiwango cha chini kilikuwa kimepandishwa hadi GB 2. Yaani hii yangu imesimama mlangoni kabisa, na tovuti hazipungui uzito. Iphone ya kwanza ya 2007 nayo ilikuwa na RAM ya MB 128 na kivinjari chake kilikomea kurasa nane, na kuendesha programu za kampuni nyingine kwa nyuma kulikuja na iOS 4, mfumo wa iPhone wa mwaka 2010. Tofauti ni kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa akiomba mkopo wa chuo kwa simu.

Nyota ninazoipa ni tatu kati ya tano. Mbili na nusu ni za betri, hiyo nusu iliyobaki ni ya huruma. Kama kazi yako inahusu fomu, malipo na kurukaruka kati ya WhatsApp na wavuti, ongeza hela uchukue RAM GB 4 halisi, isiyo na kinyota. Na ukiwa dukani usiridhike na kamera na wimbo. Washa data, fungua ukurasa wowote wenye fomu, andika jina lako, nenda kwenye kamera, piga picha, fungua WhatsApp, fungua ramani, halafu rudi. Jina likiwepo, lipa. Lisipokuwepo, mrudishie muuzaji simu yake. Akinuna, duka la jirani liko hatua mbili.