Maua ya bangi: ya mkulima mdogo au ya shamba kubwa?
Kule ilikoruhusiwa kisheria watu wanabishana sana hili, mi nasema chukua aina ileile, mfano Durban Poison yenye asili ya Afrika Kusini, weka ya mkulima mdogo na ya shamba kubwa pamoja, tofauti utaiona hata kabla hujawasha. Ya mdogo imepunguzwa majani kwa mkasi taratibu, kwa hiyo vile vichembe vya utomvu vinavyong'aa bado viko juu na ndo humo THC (kile kinacholewesha) na terpini (zinazoleta harufu) zinakaa. Mashine inayasugua maua, vingine vinapukutika.

Ila mchezo wenyewe uko kwenye kukausha. Mdogo anatundika matawi gizani, ubaridi wa nyuzi kama 15 hadi 18, unyevu karibu asilimia 60, siku 10 mpaka 14 hivi, halafu anayatia kwenye chupa za glasi wiki kadhaa anafungua anafunga mpaka ile harufu ya nyasi mbichi iishe. Mkubwa ana haraka, mara nyingi unafungua pakiti maua yanasagika vumbi, na lebo inajisifu THC asilimia 28. Mi bora 19 inayonukia.

Sasa mkubwa naye tusimuonee, mzigo wake wa leo na wa mwezi ujao unafanana, na kwa anayetumia kama dawa hilo ni kubwa kuliko harufu. Mdogo asiye na majibu ya maabara ya ukungu na viuatilifu, mpite tu.