Tathmini ya mbegu za Dill's Atlantic Giant: pakiti haisemi neno juu ya shina

Mbegu za maboga za Dill's Atlantic Giant zinapatikana katika maduka mengi ya bustani hapa Marekani kwa dola chache tu, na mtu anayetaka kulima boga la kushangaza majirani hana haja ya kutafuta nyingine. Zilitokana na kazi ya miaka mingi ya Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, nchini Kanada, ambaye mwaka 1981 aliweka rekodi ya dunia kwa boga la takriban kilo 224. Uzao wa mbegu zake umekwenda mbali tangu hapo. Travis Gienger wa Anoka, hapa hapa Minnesota, alipimisha boga la takriban kilo 1,247 huko Half Moon Bay, California, mwaka 2023, na mwaka 2025 ndugu pacha Ian na Stuart Paton wa Uingereza wakampita kwa boga la karibu kilo 1,279.

Pakiti niliyonunua ilikuwa ya kawaida. Mbegu zilikuwa nene na nzito, na zilizoatikwa ndani ya nyumba mwishoni mwa Aprili, mahali penye joto, ziliota bila usumbufu. Lawama yangu ni kwa maelezo yaliyochapwa nyuma ya pakiti, ambayo yanaishia kwenye kina cha kupandia na nafasi kati ya shimo na shimo, bila kugusa jambo linaloamua kama boga litafika Septemba likiwa zima, yaani namna ya kuongoza shina na kulikalisha tunda.

Mmea huu hutambaa kwa kasi, na ukiachiwa utafunika bustani nzima kabla hujaona boga. Shina kuu huachwa liende mbele, matawi ya kwanza huelekezwa pembeni kulia na kushoto, na vichipukizi vinavyotoka kwenye matawi hayo hukatwa vingali vichanga. Vifundo vya shina na vya matawi hufukiwa udongo ili viote mizizi yake vyenyewe, jambo linaloulisha mmea na pia kuuzuia usipeperushwe na upepo. (Majani machanga yanayokatwa, kama hayakupuliziwa dawa, yanamenywa nyuzi na kupikwa kwa karanga, kwa hilo tu pakiti ilikwisha kujilipa.)

Ua jike linalofaa ni lile lililo kwenye shina kuu, mita tatu au nne kutoka pale mmea ulipoota. Huchavushwa kwa mkono asubuhi mapema, na likishika vizuri, matunda mengine yote huondolewa.

Hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Boga changa mara nyingi huota limeliegemea shina, kikonyo chake kikiwa kimebanwa kwa pembe kali, na kadiri linavyonenepa mabega yake hulisukuma shina ambalo limeshikiliwa na mizizi pande zote na halina pa kwenda. Matokeo yake ni kikonyo kupasuka au shina kuchanika, na msimu umekwisha. Kwa hiyo boga husogezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka kikonyo kisimame pembe mraba na shina, na shina lenyewe hupindwa taratibu ili lijikunje kuliepuka boga. Kazi hii hufanywa alasiri ya siku yenye jua, mmea ukiwa umelegea, kwa kuwa asubuhi kikonyo kimejaa maji na huvunjika kama karoti. Mizizi iliyo karibu na boga, kiasi cha nusu mita kila upande, hukatwa ili shina liweze kuinuka. Ifikapo Agosti ngumi hupita bila kugusa kati ya shina na ardhi. Mchanga wa kulalia boga nao hutandazwa mapema, maana baadaye hakuna wa kulinyanyua.

Kasoro ya mbegu za pakiti ni kwamba hazifanani: mmea mmoja utatoa boga la rangi ya chungwa lililojiviringa, mwingine boga la manjano iliyopauka lililolala ubavu. Anayelenga mashindano atafute mbegu zenye wazazi wanaojulikana, ingawa mbegu moja ya boga lililoshinda huweza kufika mamia ya dola. Anayewaza futari asinunue kabisa, kwa sababu nyama yake ni ya maji na haina utamu wa kutosha kutiwa tui. Na mwenye bustani isiyofika mita 50 za mraba, hizo zikiwa za mmea mmoja, naye achague aina ndogo, kwani hapati nafasi ya kulipinda shina wala ya kuligeuza boga.