Ramani ya njia za vimbunga: maoni ya mwenye mashua wa Wete

Aprili 2019 nilikuwa gatini Tanga, mashua imeshapakiwa saruji na mabati ya kuleta Wete, kisiwani Pemba, ikaingia sauti kwenye kundi letu la WhatsApp: kimbunga Kenneth kinaipiga Pemba kesho, aliye baharini arudi. Mke wangu na watoto wako Wete, mimi niko ng'ambo. Nilipiga simu nyumbani mara nne, haishiki. Mabaharia wangu wawili walikaa juu ya mifuko ya saruji, hakuna aliyesema neno. Usiku ule sikulala. Kulipokucha ndipo tukafahamu kwamba Pemba iliyokusudiwa ni mji wa Pemba wa Cabo Delgado, Msumbiji, zaidi ya kilomita 800 kusini ya kwetu. Wenzetu wa kule na wa Komoro walipata msiba mkubwa, na mimi nikabaki na aibu kwamba ukubwa huu wote baharini sikuwa najua vimbunga vinapita wapi na wapi havipiti.

Nikaanza kutafuta pa kuangalia mwenyewe. Programu ya kwanza niliyoweka kwenye simu, jina sitolitaja, inaonesha upepo wa leo na wa siku chache mbele, rangi zinatembea kama maji. Inafaa kwa kazi hiyo. Lakini ukiiuliza miaka hamsini iliyopita bahari hii ilifanya nini, haina jibu.

Aliyenionesha ramani ninayoieleza hapa ni binti yangu anayesoma Unguja. Aliniwekea kompyuta mbele akasema, “Baba, wewe hutaki upepo wa kesho. Unataka tabia ya bahari.” Ni ukurasa wa NOAA, idara ya Marekani ya bahari na anga, unaochora njia za vimbunga vilivyokwisha kupita. Habari za huku kwetu zinatoka kwenye hazina inayoitwa IBTrACS, ambayo inakusanya kumbukumbu za vituo vya dunia nzima, pamoja na kile cha Wafaransa kisiwani Réunion, ambacho ndicho kinachosimamia upande wetu wa Bahari ya Hindi. Hulipi kitu. Unaandika jina la mahali, unachagua upana wa duara, mistari inatokea, na rangi ya mstari inabadilika kufuata nguvu ya upepo. Lugha ni Kiingereza tu, na ningependa sana siku moja iwepo ya Kiswahili, maana wanaoihitaji pwani hii ni wavuvi na manahodha. Na ukiandika Pemba, tazama vizuri umepelekwa Pemba ipi. Mimi hilo nilishajifunza kwa uchungu.

Nilipoondoa duara nikaiangalia bahari yote kwa pamoja, ndipo nilipoelewa maneno ya ami yangu. Ami alikuwa nahodha wa jahazi, na kila mara alituambia tufani kubwa “zinageukia kusini, hazitupendi.” Ramani inamuunga mkono. Mistari imerundikana mashariki ya Madagaska, karibu na Réunion na Morisi, na mingine mingi imejaa kwenye mlango wa bahari baina ya Madagaska na Msumbiji. Inakuja kutoka mashariki, inakwenda magharibi, kisha mingi inapinda kusini kama ndoana. Ukipandisha jicho kuelekea kwetu mistari inapungua, na ukifika ikweta hakuna kitu. Sababu yake inafahamika: kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ili upepo upate kujiviringa, na karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo mno. Pemba iko nyuzi 5 kusini, ukingoni hasa. Unguja iko nyuzi 6.

Kitu kingine kinachoonekana wazi ni tofauti ya bahari na nchi kavu. Fuata mstari wa Freddy wa 2023 kwa kidole. Unaanzia huko karibu na Australia mwanzoni mwa Februari, unaivuka Bahari ya Hindi yote kwa rangi za nguvu, unaingia Madagaska na rangi inafifia. Kimbunga kinakula joto la maji. Kikipanda milimani chakula kimekatika na msuguano wa ardhi unakivunja. Kisha Freddy kikashuka kwenye maji ya mlango wa Msumbiji kikapata nguvu tena, kikaingia Msumbiji, kikarudi baharini, kikaipiga Msumbiji mara ya pili Machi. Zaidi ya mwezi mzima kilikuwa hai, na hakuna kimbunga kilichopata kurekodiwa kuishi muda mrefu kama huo. Na hapo pana jambo ambalo rangi ya mstari haisemi. Malawi haina bahari, upepo ulipofika kule ulikuwa umeshapungua, lakini mvua yake ndiyo iliyoporomosha milima na kuua watu kwa mamia. Anayeitumia ramani hii asiitazame rangi iliyofifia akadhani hatari imekwisha.

Sasa nije kwetu, maana ndipo nilipokaa usiku kucha. Ami alikuwa sahihi, lakini si moja kwa moja. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na toka hapo karafuu ikawa ya Pemba zaidi kuliko Unguja. Mikarafuu ya babu yangu ina hadithi hiyo ndani yake. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilikuja moja kwa moja kuelekea pwani yetu, kikafifia kabla ya kufika. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikaingia Mafia tarehe 4; siku hizo mashua yangu ilikuwa imefungwa kamba sita huku mkondoni Wete. Niliandika miezi hiyo kwenye karatasi: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Kenneth nacho ni Aprili. Kwa bahari yote ya kusini msimu unahesabiwa Novemba hadi Aprili na vingi vinapiga Januari hadi Machi, lakini vilivyotukaribia sisi vimekuja mkiani mwa msimu, kaskazi imeshakufa na kusi haijashika. Ni vichache, sitaki kuvifanya sheria. Ila sivipuuzi tena.

Mnaotaka kuitumia kuhesabu kama vimbunga vinaongezeka, nendeni polepole. Kabla ya setilaiti, kimbunga kilichopita bahari tupu bila ya meli kukutana nacho hakikuandikwa, kwa hiyo uchache wa mistari ya zamani si ushahidi wa utulivu. Hata upepo wenyewe haupimwi sawa: Réunion wanachukua wastani wa dakika 10, Wamarekani wa dakika 1, na kimbunga kile kile kikapata namba mbili tofauti. Ripoti ya jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi ya 2021 inasema idadi ya vimbunga vyote duniani haikuonesha mwelekeo ulio wazi, lakini sehemu ya vile vikali, daraja la 3 hadi la 5, inaelekea imeongezeka katika miongo minne iliyopita. Kwa mtu wa mashua hilo la pili ndilo zito.

Naipendekeza kwa kila mwenye chombo, walimu wa jiografia pia, na yeyote anayejenga karibu na maji. Haifai kuamulia safari ya leo, haikutengenezwa kwa hilo. Kwa safari nasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, asubuhi na jioni, na wakisema upepo mkali sitoki.

Mimi imenibadilishia kalenda. Kalafati ya mashua, yaani kuziba nyufa za mbao, nilikuwa naifanya kusi ikichacha. Sasa nimemwambia fundi tutaipandisha kwa bamvua, maji makubwa, ya mwanzo ya Aprili, ndani kabisa mikokoni, na haitoshushwa mpaka Mei iishe. Fundi amelalamika kwamba masika mbao hazikauki na sifa, mafuta ya samaki ya kupaka chombo, haishiki. Nimeagiza makuti 200 tuezeke banda juu yake.