Tairi ya boda inakula vibaya: isome kwanza, ndo uingie dukani

Kabla hujatoa hela, chuchumaa nyuma ya pikipiki yako dakika 5 tu. Isimamishe kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu taratibu, afu pitisha kiganja juu ya kashata, vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, kwanza kwenda mbele, afu rudi nyuma. Macho yanaona kipara ila mkono unasikia mengi zaidi, kashata iliyochongoka upande mmoja kama meno ya msumeno, kijibonde kinachojirudia kila baada ya vidole vinne, ubavu wenye nyufa. Hivyo ndo vinakwambia ununue tairi gani, au usinunue kwanza mpaka urekebishe kitu kingine.

Nasema hivi maana mwaka jana nilinunua tairi mbili za nyuma ndani ya miezi mitano. Ya kwanza iliisha upande wa kushoto mpaka nyuzi zikaanza kuonekana, na upande wa kulia kashata zipo vilevile kama nimeitoa dukani jana, muuzaji akaniambia ile ilikuwa feki nikaamini, nikachukua ya bei zaidi, nayo ikaanza kulika kushoto kulekule. Kumbe tairi hazikuwa na kosa lolote. Bushi za swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, zilikuwa zimeisha, na kila fundi aliyekaza cheni alikuwa anavuta nati ya upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa hiyo gurudumu lilikuwa linaenda huku linaangalia pembeni. Bushi zenyewe zilinigharimu hela ndogo kuliko tairi moja. Hilo liliniuma sana na ndo maana naandika kirefu.

Sasa tairi yako inasema nini.

Imeisha katikati, mabega mazima. Kwa tairi ya nyuma hii peke yake isikutishe, ndo inayosukuma, na kama kila siku unanyoosha Morogoro Road mpaka Kibaha na kurudi lazima katikati ndo patangulie. Shida ni pale tairi ina wiki chache tu na katikati pako bapa kama meza. Hapo upepo ni mwingi. Wale vijana wa kompresa wengi wanapima kwa kubonyeza kidole gumba, ikiwa ngumu kama jiwe wanakwambia tayari kaka, na wewe unaondoka na psi 45 (psi ndo kipimo cha upepo) hujui.

Mabega yote mawili yameisha, katikati bado. Upepo mdogo, mzigo mkubwa. Mshikaki, magunia ya mkaa, kreti za soda, tairi inalala na ubavu unajikunja kila mzunguko, ukijikunja unapata joto, na joto ndo linaua nyuzi za ndani. Angalia ubavuni, ukiona nyufa nyembamba zimezunguka kama duara usiende nayo safari ndefu hata kama kashata zipo. Hii kwangu ndo hatari kuliko zote maana huwa inapasuka ukiwa na abiria, mzigo ukiwa juu.

Imekula upande mmoja. Soma tena yaliyonikuta mimi hapo juu. Usiamini sana zile alama za kwenye swingamu, kwenye pikipiki nyingi zimefutika au hazilingani. Chukua uzi wa mwashi, ule wa nailoni, upitishe nyuma ya tairi ya nyuma, vuta pande zote mbili uje mpaka mbele kwa urefu ambao hauguswi na stendi wala pedo, usukume ndani mpaka uguse tairi ya nyuma kwenye kingo zake zote mbili, ya nyuma na ya mbele. Usukani uwe umenyooka. Kama nyuma umefunga 3.00 na mbele 2.75, tairi ya mbele ni nyembamba kwa robo inchi, kwa hiyo kati ya uzi na tairi ya mbele ubaki uwazi wa kama milimita 3 kila upande. Ukikuta upande mmoja 6 na mwingine uzi unagusa, gurudumu la nyuma limekaa upande. Rekebisha nati za cheni, rudia kupima. Kama hailingani hata ukirekebisha, shika tairi ya nyuma juu, itikise kushoto kulia kwa nguvu, ukisikia inacheza hapo ni bushi au beringi. Na jiulize pia mzigo wako unakaa wapi, mtu anayening'iniza madumu ya maji upande mmoja kila siku asitegemee tairi iishe sawasawa.

Tairi ya mbele ina mawimbi. Kidole kikipita kinapanda na kushuka. Mara nyingi ni shokapu za mbele zimechoka au sili zinavuja mafuta, gurudumu linadunda badala ya kutulia. Upepo mdogo na breki ya mbele ya ghafla navyo vinaongeza. Ila tairi za kashata kubwa za vumbi zinafanya hivi zenyewe ukizitembeza kwenye lami, hata pikipiki iwe mpya.

Kipara sehemu moja tu, ukubwa wa kiganja. Hiyo ni breki ya nyuma, gurudumu lilijifunga likaburuzwa. Kama umebadilisha tairi na kipara kimerudi palepale kwenye rimu, basi rimu imepinda au habu ya breki imekuwa yai. Chukua spana ndogo ugonge spoku moja moja, iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Ni kazi ya dakika 2 na karibu hakuna mtu kijiweni anayeifanya.

Ukishajua, sasa tununue. Na cha kwanza kununua ni geji ya upepo, nisikilize vizuri hapo. Geji yako mwenyewe, ndogo, inakaa chini ya siti. Pima asubuhi kabla hujatembea, maana tairi ikishapata moto namba inapanda na utatoa upepo ambao ulitakiwa ubaki. Kibandiko cha pikipiki yangu kinasema mbele 25, nyuma 28 nikiwa peke yangu, 32 nikibeba mtu, na mi kwa kuwa nabeba siku nzima nakaa kwenye 32. Soma cha kwako. Wanaodhani huu ni usumbufu mdogo waangalie wenzetu wa mashindano, MotoGP tangu 2023 wanampa adhabu mwendeshaji akikutwa upepo wa tairi ya mbele uko chini ya kiwango, na kiwango cha 2024 kilikuwa 1.8 bar, ambayo ni kama psi 26. Wale wana injini zaidi ya farasi 250 na bado hesabu yao ya mbele inakaribiana na ya boda yako. Na wakitoka uwanjani fundi anaangalia uso wa tairi, inakulaje, imechanika wapi, ndo anajua aguse shokapu au upepo. Mkono wako juu ya kashata ni kazi ileile.

Haya, tairi zenyewe, nazipanga kwa mtu wa mjini anayepiga lami na kuingia mitaani kwenye vumbi na mashimo, abiria kutwa nzima.

Namba 1: kashata za mchanganyiko, 6PR. Ni ile ambayo katikati kashata zimeungana au zimekaribiana sana, pembeni zimeachana. Katikati inatulia kwenye lami na haiishi haraka, pembeni inashika kwenye mchanga na tope la mtaani. 6PR haimaanishi ina nyuzi safu sita kwa kuhesabu, ni kipimo cha uimara, ila kati ya 4PR na 6PR za saizi moja chukua 6PR kama unabeba watu. Afu soma namba ya mzigo pembeni ya saizi. 3.00-18 iliyoandikwa 47P inabeba kilo 175, iliyoandikwa 52P inabeba kilo 200, na hiyo P ni mwendo wa mpaka kilomita 150 kwa saa ambao hauhitaji hata kuuwaza. Piga hesabu mwenyewe, sehemu kubwa ya uzito wa pikipiki, wewe, abiria wawili na begi inalalia tairi moja ya nyuma, utaona kilo 25 za ziada zina maana gani. Mara ya mwisho nilivyonunua tofauti ya bei kati ya hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko hesabu ninayompelekea bosi kwa siku.

Kuhusu majina, MRF, CEAT na TVS Eurogrip ni za India, Kenda, Duro na CST ni za Taiwan, Vee Rubber ni ya Thailand. Zote nishaziona zinatembea vizuri na sitaki kukudanganya kwamba moja inazishinda zote. Mi naangalia tarehe kuliko jina. Ubavuni kuna namba nne, ikiwa 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi ya jina kubwa iliyoning'inizwa mlangoni kwa duka juani miaka minne mi siichukui, nachukua ya jina la kati iliyotoka kiwandani mwaka huu au uliopita, ikitolewa ndani kivulini.

Namba 2: ya lami tupu, yenye mistari badala ya kashata. Kama kazi yako ni Posta, Kariakoo, Mwenge, hii inakaa muda mrefu na ina utulivu, na kwenye mvua ile mistari inatoa maji. Ila ukiingia mtaa wenye mchanga au tope la Masika unateleza kama umevaa malapa. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya hiyo mitaa tu.

Namba 3: tyubulesi, yaani isiyotumia tyubu, kwa wenye rimu ya spoti, ile isiyo na spoku. Msumari ukiingia upepo unatoka taratibu unapata muda wa kusimama, tofauti na tyubu inayoisha ghafla. Kama rimu yako imetengenezwa kwa ajili hiyo ningeipandisha mpaka namba 1. Ila rimu ya spoku za kawaida haishiki upepo, upepo unatokea kwenye mashimo ya spoku, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ukifunga tairi iliyoandikwa tubeless basi umeachana na tyubu.

Namba 4: kashata kubwa za vumbi. Kwa ndugu zangu wa Lushoto au Mahenge wanaopanda milima ya udongo mvua ikinyesha hii kwao ni namba 1 bila ubishi. Kwa mtu wa lami hapana, kashata zinapinda, zinachongoka, breki kwenye lami yenye maji inakuwa mbaya, na inaisha haraka.

Namba 5: 4PR ya bei ya chini. Kwa mtu anayeendea kazini peke yake inatosha. Ya biashara usiweke.

Zilizochongwa sizipi namba kabisa. Wanachukua tairi iliyokwisha, wanachora mistari upya kwa kisu cha moto na kuipaka rangi nyeusi, inang'aa. Mpira haujaongezeka hata milimita moja, wameukata ule mdogo uliobaki juu ya nyuzi. Ingiza ukucha ndani ya mstari, wa kiwandani una kuta laini na mle ndani kuna vijivimbe vidogo vya kuonyesha tairi imeisha, wa kuchongwa una kingo za mikwaruzo na havipo. Tafadhali usimpakize mtoto wa mtu juu ya hiyo.

Saizi usibadilishe kwa kufuata macho. Boxer BM inakaa rimu ya inchi 17, zile za kichina za mtindo wa CG nyingi ni 18, soma iliyopo ubavuni na ulinganishe na kitabu au kibandiko maana aliyekutangulia anaweza kuwa alifunga anachokijua yeye. Ukiweka nene kupita kiasi inagusa cheni au swingamu.

Siku ya kufunga simama pale. Mshale ubavuni uelekee gurudumu linakozungukia. Tyubu mpya kwa tairi mpya, ya zamani imeshavutika, inajikunja ndani na hapo kwenye mkunjo ndo pancha inapoanzia. Angalia ule mpira unaofunika vichwa vya spoku kama haujachanika, tyubu ipakwe poda. Baada ya kujaza upepo zungusha gurudumu uangalie mstari mwembamba uliochorwa kwenye tairi karibu na rimu, uwe umbali uleule mzunguko mzima, ukizama sehemu moja toa upepo waikalishe upya, maana ukiiacha hivyo itadunda na kutengeneza kipara kingine ambacho utakuja kulaumu kiwanda.

Kilomita 100 na kitu za mwanzo usilale sana kwenye kona, mpira mpya bado una utelezi wa kiwandani. Baada ya wiki gonga spoku tena, vuta uzi tena. Na ile siku ya kwanza piga picha ya tairi kwa nyuma, karibu, kashata zote zionekane, afu mwezi ukiisha piga nyingine mahali palepale, uziweke pamoja kwenye simu uone kushoto na kulia zinashuka sawa au la.