Hyumidifaya ya nyumba nzima: ipi ununue kwa fanesi yako, na maji yake yapite wapi

Mama mkwe wangu alitufikia Minneapolis mwezi wa Januari, akitokea Tanga. Asubuhi ya nne akanionyesha kitambaa chenye madoa ya damu. "Baba, hewa ya huku ina nini? Nimetoka muhina usiku kucha." Watoto nao midomo ilikuwa imepasuka. Kanga zikitolewa kwenye mashine ya kukaushia zilirusha cheche. Chumvi ya mezani, ambayo kule Tanga hushikana bonge hadi ugonge kikopo, hapa ilimwagika kama mchanga mkavu. Mchana ule nikanunua kipima unyevu cha dola kumi na kitu. Kilisoma asilimia 16.

Tangu hapo nimefunga hyumidifaya, yaani mashine ya kuongeza unyevu hewani, kwangu na kusaidia kuzifunga kwa ndugu kadhaa, na nimeona makosa yaleyale yakirudiwa. Ninakuandikia wewe uliyenunua nyumba yako ya kwanza Minnesota, Wisconsin au Ohio, au ng'ambo ya mpaka huko Ontario na Alberta: nyumba yenye fanesi ya gesi, yaani tanuri la kupashia nyumba joto, chini kwenye besimenti, na mifereji ya bati inayopeleka hewa moto vyumbani. Kama umepanga, au nyumba yako inapashwa kwa redieta za maji ya moto, mashine hizi hazikuhusu, maana hazina pa kushikia. Chukua ya kuweka mezani na uioshe kila siku. Ile inayorusha ukungu baridi itie maji yaliyokenekwa, la sivyo vumbi jeupe la madini litatanda juu ya kila samani.

Watu husema fanesi inakausha hewa. Si fanesi, ni baridi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, hubeba mvuke kidogo mno. Hata ikiwa imejaa kadiri inavyoweza, ikiingia ndani ikapashwa hadi nyuzi 70, unyevu wake utasoma karibu asilimia 5 tu. Nyumba inayovuja huvuta hewa hiyo mchana na usiku. Kwa hiyo kabla ya kutoa senti, ziba nyufa: chini ya milango, kwenye fremu za madirisha, kwenye mlango wa kupandia darini. Nyumba moja niliyoisaidia ilipanda kutoka 19 hadi 26 kwa mpira wa milango na silikoni peke yake, na mwenyewe akaona imetosha.

Kama bado unahitaji mashine, mpangilio wangu ni huu.

Namba moja: ya kupitisha hewa pembeni, yenye bomba la kutolea maji

Hii ni sanduku la plastiki linalofungwa kwenye mfereji wa bati kando ya fanesi. Ndani yake mna pedi, kama sega la nyuki la alumini lililopakwa udongo maalumu. Maji hutiririka juu ya pedi taratibu. Bomba la duara la inchi 6 huunganisha upande wa hewa moto inayotoka na upande wa hewa inayorudi, na kwa kuwa msukumo wa pande hizo mbili haulingani, hewa hujipitisha yenyewe kwenye pedi, ikaondoka na mvuke. Maji yaliyobaki huteremka na madini yake hadi kwenye tundu la sakafuni.

Haina feni wala mota. Kinachosogea ni vali ndogo ya umeme wa volti 24, na ndiyo sababu naiweka juu. Ikiharibika, mara nyingi ni vali hiyo au pedi iliyoziba, na vyote viwili utavibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Aprilaire 600 ndiyo utakayoiona kwenye nyumba nyingi za huku, na pedi yake, namba 35, inapatikana karibu kila duka la vifaa vya ujenzi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko skrini au programu ya simu. Kwa nyumba ndogo kuna 500, yenye pedi namba 10. Zipo pia za Honeywell Home zinazofanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Ubaya wake ni kwamba sehemu kubwa ya maji huishia kwenye bomba la taka. Inauma, hasa kwa mtu aliyekua akichota maji kwa ndoo. Lakini maji hayo ndiyo yanayoosha chokaa kwenye pedi. Kuna mashine zisizotoa maji nje, na nimeziona ndani baada ya mwaka mmoja. Sikushauri.

Namba mbili: yenye feni yake

Pedi ni ileile, ila feni ndogo huvuta hewa kupitia kwenye pedi, kwa hiyo bomba la pembeni halihitajiki. Aprilaire 700 ni ya aina hii. Ichague kama kando ya fanesi hapana nafasi ya bomba la inchi 6, au kama fanesi yako ni ya kisasa inayowaka kwa nguvu ndogo kwa muda mrefu, maana hewa yake si moto sana. Ina bei zaidi, inataka umeme wa kawaida wa nyumba, na feni yake utaisikia kama kitanda kiko juu yake. Kasoro nyingine kubwa sijaiona.

Namba tatu: ya mvuke

Hii huchemsha maji ndani ya kopo lake na kupuliza mvuke kwenye mfereji. Ina nguvu kuliko zote, na haitegemei joto la fanesi. Kwa nyumba inayopashwa na pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani), au nyumba kubwa sana, huenda ndiyo pekee itakayofikisha namba unayotaka. Lakini piga hesabu kabla ya kushawishika. Kugeuza galoni moja ya maji kuwa mvuke kunakula umeme wa karibu kilowati-saa 2.8. Galoni 10 kwa siku ni kilowati-saa 28, kila siku, miezi minne au mitano. Zile mbili za juu nazo hulipia mvuke wao, maana joto hutoka kwenye hewa ya fanesi, ila gesi kwa kawaida ni nafuu kuliko umeme. Bei ya mashine yenyewe ni mara kadhaa ya ile ya kwanza, kopo hubadilishwa, na kwa nyumba nyingi hutaka laini yake ya volti 240, ambayo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, si yako. Na kama una mtambo wa kuchuja maji kwa osmosisi, usiiunganishe huko: aina inayotumia elektrodi hupitisha umeme kwenye maji yenyewe, na maji yasiyo na madini hayapitishi.

Usinunue: ya ngoma

Ukiikuta kwenye nyumba ya zamani, itoe. Ina beseni la maji yaliyotuama na sponji linalozunguka ndani yake, na hewa ya nyumba nzima hupita juu ya beseni hilo. Sisi tuliofundishwa kufunika mtungi hatuhitaji kuelezwa mengi hapo.

Kuhusu ukubwa, usitishwe na galoni zilizoandikwa kwenye boksi. Namba ile, kwa mfano 17 kwa siku, hupimwa fanesi ikiwaka mfululizo na hewa ikiwa na joto la nyuzi 120. Fanesi yako ikiwaka nusu ya siku, utapata nusu, au pungufu. Kwa nyumba ya futi za mraba 1,500 hadi 2,500 iliyozibwa vizuri, ya namba moja inatosha.

Kuifunga

Mtu anayeweza kukata bati na kusoma maelekezo bila haraka anaweza kufunga ile ya kwanza kwa siku moja. Utahitaji mkasi wa bati, drili, pima maji, tepu ya alumini na glavu nene, kwa sababu ukingo wa bati lililokatwa ni wembe. Zima umeme wa fanesi kwenye swichi yake kabla hujagusa kitu.

Sehemu ya hatari kuliko zote ni hii. Juu ya fanesi nyingi, ndani ya sanduku la bati, mna koili ya kiyoyozi yenye umbo la herufi A. Huioni kutoka nje. Ukikata bati mahali pasipo, drili au mkasi utatoboa koili, gesi ya ubaridi itatoka, na siku hiyo umenunua kiyoyozi. Kwa hiyo mimi hufunga mashine upande wa hewa inayorudi, mbali na koili, na upande wa hewa moto natoboa tundu la bomba la inchi 6 tu, juu kabisa ya koili. Kabla ya kutoboa, fungua kifuniko cha koili uchungulie kwa tochi, upime kwa futi mwisho wake ulipo, kisha uchore mstari kwa kalamu nje ya bati.

Sanduku likae sawa kwa pima maji. Wengi hupuuza hili. Likiinama hata kidogo, maji hushuka upande mmoja wa pedi, upande wa pili hubaki mkavu, na nusu ya mashine uliyoilipia haifanyi kazi.

Sasa maji. Kwenye boksi mara nyingi utakuta vali ya kutoboa bomba: unaibana kwenye bomba la shaba, unazungusha, sindano inatoboa. Inavutia kwa urahisi wake. Nyumba niliyoinunua ilikuwa nayo, imefungwa na fundi wa mwenye nyumba wa zamani. Ilikuwa ikidondosha tone moja moja nyuma ya ubao wa ukuta, na nilipobandua ubao ule, mbao ya chini ilibonyea kwa kidole kama ndizi iliyoiva. Itupe. Kata bomba, weka tii (kiungo cha njia tatu) na koki ya kweli, au mlipe fundi bomba kwa saa moja. Ukiunganisha kwenye maji ya moto mashine itatoa mvuke zaidi. Kwa pampu ya joto ningefanya hivyo bila kusita, kwa fanesi ya gesi si lazima.

Bomba la kutolea maji literemke mwanzo hadi mwisho, lisiwe na mahali linapopanda. Kama hapana tundu sakafuni, tumia pampu ndogo ile ya maji ya kiyoyozi. Ukimaliza, weka kidhibiti cha unyevu juu kabisa, washa fanesi, kaa kwenye ndoo uangalie mwisho wa bomba kwa dakika 15. Yatoke matone au uzi mwembamba wa maji. Kisha pitisha kidole kavu chini ya kila kiungo.

Upande wa umeme, vali ya maji ifunguke tu fanesi inapowaka. Ubao wa fanesi nyingi una sehemu iliyoandikwa HUM, ila kwenye baadhi sehemu hiyo hutoa volti 120, na ukiunganisha vali ya 24 hapo umeichoma. Pima kwa mita. Huna mita au huna uhakika, mwite fundi.

Namba ya kuweka

Hapa ndipo nyumba zinapoharibika. Mtu anasikia kwamba unyevu mzuri ni kati ya asilimia 30 na 50, anaweka 45, nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri. Madirisha yanatoka jasho, jasho linaganda, linayeyuka, linaingia kwenye mbao, na kufikia Machi pembe za fremu zina kuvu jeusi. Madhara usiyoyaona ni mabaya zaidi, maana mvuke uleule umepanda darini. Kadiri nje kunavyozidi baridi, ndivyo unavyotakiwa kushusha. Kwa nyuzi za Fahrenheit: nje ikiwa 20, usizidi asilimia 35, ikiwa 10, 30, ikiwa 0, 25, ikiwa 10 chini ya sifuri, 20, ikiwa 20 chini ya sifuri, 15. Kama una dola za kuongeza, ziongeze hapa: nunua kidhibiti cha kujiendesha chenye kihisi cha nje, kinachoshusha na kupandisha chenyewe wakati umelala. Kihisi cha ndani kifungwe kwenye mfereji wa hewa inayorudi, kabla ya mahali bomba la pembeni linapoingilia, la sivyo kitasoma unyevu wa mashine badala ya wa nyumba.

Asilimia 25 inaonekana ndogo kwa mtu wa pwani, lakini kutoka 16 hadi 25 ni tofauti unayoihisi puani usiku wa kwanza. Mama mkwe alirudi majira ya baridi yaliyofuata, akakaa miezi miwili, na kitambaa chake kilibaki cheupe.

Maji ya sehemu nyingi za Minnesota ni magumu, kwa hiyo pedi ibadilishwe kila mwaka, mwezi wa Oktoba kabla ya baridi. Ikitoka nyeupe na ngumu kama chokaa ya ukutani, msimu ujao ibadilishe mara mbili. Trei ya juu iloweke kwenye siki na usafishe vitundu vyake kwa kijiti cha meno. Mwezi wa Aprili funga koki, zima kidhibiti, na geuza kilango kinachofungua na kufunga bomba la pembeni kiwe upande wa kiangazi, yaani kifungwe. Andika hilo kwenye karatasi uibandike juu ya fanesi, kwa sababu kilango kikisahauliwa wazi, hewa ya kiyoyozi itakatiza njia kurudi ilikotoka, na katikati ya Julai utaikuta koili imeganda barafu.